Gari la Mikate na Watoto

Isome hii taratibu, hasa kama kuna mtu uliyemwambia "nitakuja" na mpaka leo hujaenda.

Mjini Morogoro palikuwa na mwanamke aitwaye Namkunda, muoka mikate. Hakuwa na duka wala bango. Alikuwa na tanuri la matofali nyuma ya nyumba, mume mpole jina lake Sifaeli, watoto watatu, na tepu ya kupimia iliyokaa mfukoni mwa aproni yake saa zote. Alipima unga ulivyoumuka. Alipima nafasi kati ya mkate na mkate. Sifaeli alikuwa akisema kwamba siku ya harusi yao mkewe alimpima yeye kwanza, ndipo akakubali.

Tabia hiyo alizaliwa nayo. Baba yake, Mzee Kajiru, alikuwa mnyapara wa vibarua wa barabara enzi za ujana wake, huko milima ya Upare. Ukimwambia mbuzi wako amekua, atakuuliza amekua inchi ngapi. Majirani walimwita Mzee Futi, naye aliitika.

Namkunda alikuwa mtoto wake wa pekee. Mama yake, Nakijwa, alifariki yeye akiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo baba na binti waliishi wawili katika nyumba iliyo chini ya kanisa, kwenye mteremko wa kahawa na migomba. Magari yaliishia kanisani. Kutoka hapo mpaka nyumbani ni robo saa kwa miguu, katika kinjia cha kumtosha mtu mmoja na mbuzi wake.

Siku Namkunda alipoolewa, baba yake alibeba sanduku lake kichwani, akakipanda kinjia kile mpaka kanisani ambako gari la bwana harusi lilikuwa likingoja. Alipolitua, shati lilikuwa limelowa na kifua kinapanda na kushuka. Namkunda aliumia moyo kumwona hivyo. Akasema neno ambalo, kinyume na desturi yake, hakulipima:

"Baba, safari nyingine hutabeba kitu. Nikirudi, nitarudi na gari langu."

"Haya, mama," baba akajibu. "Nitakungoja wewe na gari lako."

Miaka tisa ikapita.

Usidhani alimsahau. Kila Jumapili saa kumi jioni alimpigia simu, na tangu Jumamosi alikuwa anaisikia ile saa kumi inavyokuja. Ila neno "nimekukumbuka" halikuwa na mahali pa kukaa midomoni mwao, baba na binti. Walichokuwa nacho ni vipimo.

"Mvua imenyesha, baba?"

"Inchi moja na nusu, kwenye kopo. Na mkate wako?"

"Umeumuka inchi nne."

"Inchi nne! Huo ni mkate au ni mto wa kulalia?"

Kisha baba angeuliza, kila Jumapili bila kukosa, "Mke wangu hajambo?" Huyo mke ni Nakijwa, mjukuu wake wa kwanza, aliyepewa jina la marehemu bibi yake. Babu alikuwa hajamwona hata siku moja. Picha alitumiwa, lakini simu yake ilikuwa ya vitufe, yenye kioo cha ukubwa wa kiberiti. Kuja Morogoro hakutaka. Alikuwa wa kizazi kinachoona haya mzazi kulala nyumbani kwa binti yake aliyeolewa. Wajukuu huletwa, alisema, babu hawafuati.

Kwa nini Namkunda hakupanda basi? Majirani zake walimwuliza hivyo, na kila mara alikuwa na majibu. Mkate hauna likizo, watu wanaula kila siku. Watoto watatu ndani ya basi la siku nzima, mmoja anatapika, mwingine analilia dirisha. Lakini jibu la kweli lilikuwa jingine. Alijiona anateremka kwenye basi na mabegi yake, baba anakuja kumpokea, anainama, anayabeba kichwani kama lile sanduku. Hapana. Alikuwa amesema atarudi na gari.

Kwa hiyo kila kitu kikaning'inia kwenye gari. Nalo gari lilitakiwa lifanye kazi mbili. Alfajiri libebe mikate kupeleka madukani, maana guta alilokodi halikuwa na paa na mvua ya Morogoro haina adabu. Na siku za mapumziko libebe familia. Namkunda alikwisha kupiga hesabu yake: trei ishirini za mikate, kila moja inchi ishirini na nne kwa kumi na nane, na inchi sita za hewa katikati ili mkate usibonyee. Na viti sita.

"Hata tukifikisha watoto watatu, tutakuwa watano," Sifaeli alisema.

"Viti sita," akarudia Namkunda. Mume akaelewa, asiulize tena.

Gari la kwanza kumpendeza lilikuwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Jumapili hiyo hakungoja saa kumi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mke wangu hajambo?"

"Ameota jino. Baba, nimeona gari."

"Upana wake?"

"Futi nne na inchi kumi."

"Umepima na vioo vya pembeni?"

Namkunda akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alirudi kule linakouzwa, akafungua vioo, akapima tena huku muuzaji akimtazama kama mtu anayepimia gari sanda. Jumapili iliyofuata akampa baba kipimo kamili: futi tano na inchi sita, na vioo vyake.

"Hapo sawa," baba akasema. "Futi tano na inchi sita. Nimelishika."

Lakini kirikuu kina viti viwili. Namkunda alikwenda kukitazama mara nne akijaribu kumpanga Nakijwa na wadogo zake watakaokuja mahali ambapo hapakuwapo.

"Tuwafunge kamba pamoja na mikate," Sifaeli akatania. "Tukifika, kila duka linachukua mikate kumi na mtoto mmoja."

Kirikuu kikaachwa. Mwaka ukaisha, na mwingine, Nakijwa akaanza kutembea, akapata mdogo wake, na mdogo wake akapata mdogo wake. Ndipo Namkunda alipoiona Noah, gari la viti saba, safi, rangi ya majivu. Akaingia nyuma na tepu yake, akakunja viti, akavikunjua. Watu wanaingia bila shida. Ila trei za mikate, hata uzipange vipi, zinaingia kumi na nne.

"Nahitaji ishirini," akamwambia mumewe.

"Mama Nakijwa, hata Nuhu alipima mara moja tu, akaanza kupiga misumari."

"Nuhu hakubeba mikate."

Hata hivyo Jumapili alimpa baba habari, kwa kuwa alikuwa bado anafikiri. Futi sita na nusu, na vioo.

"Basi siyo kile kidogo?" baba akauliza.

"Siyo, baba. Kile hatuenei."

Mzee akavuta pumzi ndefu. "Haya. Kuna futi moja ya kuongeza."

"Kuongeza wapi?"

"Kwenye mawazo yangu, mama. Nilikwisha kuliona dogo."

"Mbona unahema hivyo? Unaumwa?"

"Nimetoka shambani sasa hivi. Jembe halijui kama leo ni Jumapili."

Noah aliizunguka miezi mitano. Kisha kwa wiki mbili moyo ukahamia kwenye pikapu ya milango minne yenye turubai nyuma, lakini turubai lilikuwa linavujisha, akaiacha. Na mwaka juzi akaona kitu alichodhani ndicho Mungu alichomwekea: Kanta, lori dogo la kabini mbili, bodi la bati la kufungwa nyuma, watu sita mbele, trei thelathini na nafasi ya kugeuka. Ilikuwa kubwa kuliko kazi yake, na bei yake ilimzidi, lakini alijiambia kazi itakua. Akampigia baba sauti ikiwa juu.

"Futi saba na inchi nne, baba! Na urefu futi kumi na tisa!"

"Futi saba na inchi nne," baba akairudia polepole, kama mtu anayepokea mzigo begani. "Hilo likikata kona linataka nafasi."

"Tutaliacha pale kanisani, baba. Halafu tutateremka kwa miguu."

"Ee," baba akasema. "Kanisani."

Akauliza Kanta inanunuliwa lini. Namkunda akasema bado kidogo, labda baada ya mavuno, kuna fundi anaiangalia injini. Baba akasema hakuna haraka, injini ni ya kuangaliwa. Halafu akauliza tena, jambo ambalo si kawaida yake, "Lakini utakuja nayo?"

"Nitakuja nayo, baba."

Miezi mitatu baadaye, Jumapili saa kumi, simu ililia ikakatika. Akapiga tena. Akapokea mwanamke, jirani wa siku nyingi, Mama Mbazi.

"Baba yako jicho linamsumbua," akasema. "Limefungwa kitambaa. Huyu hapa."

"Ni kitu kidogo tu kimeingia," baba akasema. "Kitatoka. Lete habari za gari."

Namkunda alimsihi aende hospitali. Akaenda, kwa kuchelewa. Jumapili zikapita, na kila akiuliza jicho, baba aliuliza gari. Mpaka siku moja mzee akasema kwa sauti ile ile ya kutaja mvua:

"Hilo jicho limekufa, mama. Na hili la pili unajua lina ukungu tangu zamani, na sasa ukungu umezidi. Daktari anasema muda wake si mrefu. Lakini bado rangi naziona. Hata uso, mtu akisogea karibu mchana." Kisha akauliza: "Mke wangu ni mweupe, au ni maji ya kunde?"

Miaka tisa Namkunda alikuwa akimpelekea baba yake inchi na futi, na mzee hajui rangi ya mjukuu wake.

"Maji ya kunde, baba. Kama mama."

"Haya. Basi nitamjua."

Simu ilipokatika, Sifaeli alimkuta mkewe amekaa juu ya gunia la ngano, tepu imefunguka mapajani kama utumbo.

"Panda basi kesho," akamwambia.

"Trei ishirini," Namkunda akasema, kana kwamba hakusikia. "Kama Noah ingeingiza trei ishirini, tungekuwa tumeshakwenda zamani."

"Si unapeleka kumi na nne, unarudi, unachukua sita zilizobaki? Madukani ni dakika ishirini."

Namkunda akamtazama. "Safari mbili."

"Safari mbili."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Nilikuambia," Sifaeli akasema kwa upole. "Ulikuwa unapima."

Wiki hiyo hiyo wakanunua Noah. Siyo ile ya kwanza, ile ilikwisha kuondoka na watu walioamua. Ilikuwa nyingine kama hiyo, ya bluu, na Namkunda hakuipima. Wateja wakaambiwa siku nne hakuna mkate. Hakuna aliyekufa. Wakaondoka alfajiri, Sifaeli kwenye usukani, watoto nyuma, kiti kimoja kitupu, na cha saba kimejaa mikate arobaini ya kugawa kijijini. Baba hakuambiwa. Namkunda aliogopa kusema "nakuja" kwa mara nyingine, akaona ni afadhali neno hilo safari hii lisemwe na magurudumu.

Walipanda mlima jua likiwa bado kali. Namkunda alizitambua kona. Aliitambua baridi ile inayoingia ghafla dirishani kama mtu aliyekuwa akikusubiri. Nakijwa aliuliza mara saba kama babu ana mbuzi, na mara zote saba mama yake alijibu "ndiyo" bila kusikia swali.

Saa tisa alasiri wakafika kanisani. Sifaeli akazima gari. Namkunda akaanza kuwavalisha watoto viatu vya kutembelea.

"Nyie, wageni wa nani?" sauti ikaita. Alikuwa Mama Mbazi, kikapu mgongoni, mkono juu ya macho kuzuia jua. Akasogea. Akasimama. "Namkunda! Namkunda wa Mzee Futi! Uuuwi! Ni wewe kweli, au tumeletewa pepo?"

Wakakumbatiana, wakacheka, wakafutana machozi. Kisha Mama Mbazi akatazama viatu vya watoto.

"Mbona mnashuka? Teremkeni na gari."

"Tuteremke nalo wapi, mama?"

"Si kwa baba yako! Wewe, hujui?" Akawageuza wote kwa mkono wake. "Tazama."

Nyuma ya kanisa, pale palipokuwa na kinjia cha mtu na mbuzi wake, palikuwa na barabara. Nyekundu, imenyooka, imechongwa mtaro upande wa mlima wa kupitisha maji, na upande wa bonde imejengewa ukuta wa mawe. Iliteremka ikapotea kwenye migomba.

"Serikali imeleta barabara?" Sifaeli akauliza.

"Serikali!" Mama Mbazi akacheka. Akafungua mlango, akaingia na kikapu chake, akaketi kwenye kile kiti kitupu kama vile kilikuwa chake. "Twende. Nitawaeleza. Endesha taratibu, baba, usije ukaniua kabla sijamaliza."

Na gari likateremka, naye akaeleza.

"Mwaka ule uliomwambia kuhusu hicho kigari kidogo, alikwenda kwa mwenyekiti, akaomba msaragambo. Tukatoka kijiji kizima, siku mbili, na majembe yetu. Tukachoka, tukarudi kwenye mashamba yetu. Yeye akabaki. Kila jioni na Jumapili baada ya ibada. Miaka miwili, akaimaliza. Tukapika makande, tukala hapa hapa barabarani, tukamwimbia. Haikupita muda anasema, jamani, gari limebadilika. Linakuja kubwa zaidi kwa futi moja." Mama Mbazi akapiga paja. "Akang'oa ule ukuta wote wa mawe, akausogeza. Akakata kahawa mistari miwili. Ile kahawa aliyoipanda na mama yako! Tukamwambia, Mzee Futi, huyo binti yako ananunua gari au ananunua nyumba? Naye anajibu, nyie hamjui mikate inavyotaka nafasi."

Namkunda alikuwa anatazama nje. Kando ya barabara aliona visiki vya mikahawa, kimoja baada ya kingine, vimekatwa sawasawa kwa msumeno, kwa urefu mmoja. Zile pumzi alizokuwa akizisikia kwenye simu kila Jumapili, akazitambua sasa zilikuwa za nini.

Wakafika kwenye kona. Upande wa mlima palikuwa na mwamba mkubwa, uso wake umepasuliwa, mweupe kama jino. Noah ikapita katikati, na kila upande nafasi tele.

"Hapa napo palikuwa pameshatosha," Mama Mbazi akasema, na sauti yake ikapungua. "Gari kama hili lingepita hapa tangu miaka minne iliyopita. Ila mwaka juzi akasema linakuja jingine, la futi saba, refu, halitaweza kukata kona. Akaleta nyundo na tindo. Tulimwambia aache, mwamba si kazi ya mzee. Ni hapa ndipo kipande cha jiwe kilipomrukia."

"Kilimrukia wapi?" Namkunda akauliza, ingawa alijua.

"Jichoni, mwanangu. Hakukuambia?"

Sifaeli akasimamisha gari. Namkunda akashuka peke yake, akaweka kiganja chake juu ya mwamba ule mweupe. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutaka kujua ni inchi ngapi. Futi ile ya mwisho, iliyokula jicho la baba yake, ilikuwa ya gari ambalo hakulinunua.

Hatua zilizobaki alizitembea kwa miguu, gari likimfuata nyuma.

Mzee Kajiru alikuwa uani, amesimama, uso ameuelekeza kwenye mlio. Alikuwa amekonda kuliko alivyokumbukwa. Jicho moja lilikuwa limefumba moja kwa moja. Alilisikia gari likiingia mpaka uani, likizimika, milango ikifunguka. Ndipo akauliza:

"Ni Kanta?"

"Shikamoo, baba," Namkunda akasema. "Siyo Kanta. Ni Noah."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na wote wakadhani analia, kumbe anacheka.

"Noah! Basi sasa mnaweza kupishana na ng'ombe njiani na hakuna atakayekwaruzwa."

Namkunda akapiga magoti miguuni pake, akashika mikono yake. Viganja vilikuwa vigumu kama magome.

"Baba, kwa nini hukuniambia? Ningekuja kwa basi. Ningekuja hata kwa miguu. Miaka yote unachimba, na mimi nabadilisha magari kama nguo. Ungesema neno moja tu."

"Ningesemaje?" baba akajibu. "Ningekuambia njia imekwisha, nawe huna gari, ungeona haya. Ukiona haya utanyamaza. Mimi nilikuwa nasubiri unitajie gari jingine. Kila ulipolitaja, nilijua bado unakuja. Siku ambayo ungeacha kuniambia habari za magari, ndiyo ningejua huji tena." Akamvuta ainuke. "Kuchimba ni kitu gani? Mtu anayechimba ana kitu anachongoja. Sasa inuka, acha kunilowesha. Niletee mke wangu. Jua linaondoka, na jicho hili linafanya kazi kwa jua."

Nakijwa alikuwa amejificha nyuma ya baba yake. Akasukumwa mbele taratibu. Babu akakaa kwenye kigoda, akamsimamisha katikati ya magoti yake, akamshika kidevu, akaugeuzia uso ule upande wa jua. Akasogeza jicho lake zima karibu kabisa, mpaka pua zao zikakaribia kugusana. Mtoto akataka kucheka, akajizuia.

Akamtazama hivyo muda mrefu. Paji la uso. Mashavu. Masikio, moja moja. Kisha kidole gumba kikasimama juu ya nyusi ya kushoto, kikapapasa, kikarudi.

"Ana kovu hapa," mzee akasema.

"Ndiyo, baba. Alianguka. Alikuwa na miaka mitatu."

"Miaka mitatu." Mzee hakuliondoa jicho lake. "Magari yote nayajua mpaka vioo vyake, Namkunda. Kovu hili hukuniambia."

Namkunda akasogea karibu, akalitazama lile kovu.

"Haya, niambie sasa," baba akasema. "Alianguka wapi? Nani alimwinua? Alilia sana?"

Namkunda akaketi chini kwenye vumbi, karibu na miguu ya baba yake, akaanza kumsimulia.

Funzo: Gari la kazi lichague kwa mzigo wake na kwa watu wako, lakini safari ya kwenda kwa anayekungoja usiifunge kwenye gari. Kila unapoiahirisha ukitafuta kilicho kamili, upande wa pili kuna mtu anapasua mwamba ili upite.